Njia ya baiskeli kando ya barabara ya njia nne: je, mstari wa rangi unatosha?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam na nimo kwenye kamati ya barabara ya kata yetu. Barabara kuu inayopita kwetu ina njia nne za magari na inatarajiwa kukarabatiwa. Kwenye mchoro tulioonyeshwa, baiskeli zimewekewa mstari mweupe wa rangi pembezoni mwa lami, upana mita 1.2, bila kizuizi chochote. Nimepima kwa futi kamba: ukuta hadi ukuta ni mita 24. Njia za magari ni mita 3.5 kila moja, kisiwa cha katikati mita 2, na kila upande zinabaki mita 4 za mtaro, waenda kwa miguu na huo mstari wa baiskeli. Wanafunzi wangu kadhaa huja kwa baiskeli. Je, rangi inatosha? Kama haitoshi, nafasi itoke wapi? Halafu wenzangu wanasema tukijenga njia nzuri, bodaboda wataichukua wiki ya kwanza. Wanakosea?

JIBU: Mwalimu, salama. Rangi haitoshi, na wenzako hawakosei. Lakini hayo yote mawili hayatoshi kuifanya kamati ikate tamaa, kwa sababu mita 24 zinatosha kufanya kazi nzuri kama zitagawanywa upya.

Suala la rangi ni fupi. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na sote tunajua dereva anakwenda ngapi saa nne usiku kwenye barabara ya njia nne iliyonyooka. Nguvu ya gari linapogonga hukua kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo gari la 50 hugonga kwa nguvu karibu mara tatu ya gari hilohilo likiwa 30. Ndiyo maana Waholanzi, ambao wana uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili, huchanganya baiskeli na magari kwenye mitaa ya mwendo wa 30, na penye mwendo mkubwa na magari mengi huweka kitu kigumu katikati. Tena hapa kwetu mstari mweupe ukingoni mwa lami una matumizi yanayojulikana: daladala hushushia hapo, bajaji husubiria hapo, na mwenye duka la vipuri hupaki hapo. Mwanafunzi wako atalazimika kuvizungukia vyote hivyo, na kila anapovizungukia anaingia mbele ya gari ambalo dereva wake hakumtegemea.

Hizo mita 1.2 nazo ni finyu. Mtu juu ya baiskeli ya kawaida huhitaji karibu mita nzima, maana baiskeli haiendi mstari mmoja, inayumba, hasa mlimani. Muweke sasa muuza mayai na trei zake kwenye kerea, au mtu wa mkaa, au guta lililobeba kreti za soda. Mchoro wenu umechorwa kwa mtu mwembamba anayeendesha peke yake bila mzigo, na mtu huyo barabarani Dar simwoni sana.

Twende kwenye nafasi. Mita 3.5 ni kipimo cha barabara za mikoani, ambako basi na lori hupishana kwa kasi. Ndani ya jiji njia ya ndani inatosha ikiwa mita 3.0, na ya nje, inayopita daladala na malori, ikiwa 3.25. Kila upande sasa unatumia 6.25 badala ya 7, na umepata sentimita 75 bila kumpunguzia mtu yeyote njia. Faida ya ziada ni kwamba njia ikiwa nyembamba kidogo dereva hupunguza mguu mwenyewe. Zile mita 4 za kila upande zinakuwa 4.75, na mimi ningezigawa hivi: nusu mita ya kitenganishi, mita 2 za baiskeli, na mita 2.25 za waenda kwa miguu, mtaro ukiwa umefunikwa chini ya miguu yao. Hapo ndipo nafasi yenu kubwa imejificha. Mtaro wa wazi unakula karibu mita nzima kila upande na haumsaidii mtu isipokuwa mbu. Mfuniko wa zege una gharama, nakubali, lakini ni nafuu kuliko kubomoa ukuta wa mtu na kumlipa fidia.

Kisiwa cha katikati msikiguse. Wakandarasi hupenda kukipunguza kwa sababu ni rahisi, lakini mita 2 ndicho kipimo ambacho mama mwenye mtoto mgongoni, au mtu mwenye baiskeli, anaweza kusimama salama akisubiri nusu ya pili ya barabara.

Mtu atakuja na wazo la kuweka njia moja pana ya kwenda na kurudi upande mmoja tu ili kuokoa gharama. Sevilla, Hispania, walifanya hivyo: kati ya 2006 na 2010 walijenga zaidi ya kilomita 100, nyingi zikiwa za pande mbili na nyingi zikichukuliwa kutoka kwenye maegesho, na watu wakaanza kuendesha. Siri yao, kwa maoni yangu, ilikuwa kujenga mtandao mzima kwa mkupuo, ili mtu asifike mahali njia ikakatika. Kwenu nisingelipendekeza. Dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kuu kwa kukata kushoto huangalia kulia, kwa sababu magari hutoka kulia. Baiskeli inayokuja kutoka kushoto kwake hataiona mpaka iwe juu ya boneti. Kila mtaa unaoingia ni hatari mpya, na barabara zetu zina mtaa kila baada ya hatua chache. Njia ya pande mbili inafaa pale upande mmoja hauna mitaa, kama kando ya bahari kwenye Barabara ya Barack Obama.

Sasa tufike penye kazi yenyewe. Kamati nyingi hutumia mikutano yao yote kubishana kuhusu ukingo: uwe juu kiasi gani, nguzo ziwe za plastiki au za chuma. Hiyo ni sehemu iliyonyooka, na kwenye sehemu iliyonyooka karibu ukingo wowote mgumu utafanya kazi. Njia ya baiskeli hufa au hupona kwenye makutano, kwenye kituo cha daladala na kwenye lango la sheli. Ningekuwa mimi, ningemwambia mchoraji aanze na sehemu hizo tatu, kisha aziunganishe kwa vipande vilivyonyooka. Michoro mingi hufanya kinyume: ukingo mzuri kilomita nzima, halafu mita 20 kabla ya makutano unaisha, na mwendesha baiskeli anaachwa ajitegemee pale hasa alipohitaji msaada.

Mtaa mdogo unapoingia barabara kuu, ajali inayokuja ni moja tu kimsingi: gari linakata kushoto, baiskeli inakwenda moja kwa moja, dereva hakuiona au aliiona akadhani atawahi. Mambo matatu hupunguza hilo. La kwanza ni kona. Kona zetu huchorwa kwa duara kubwa ili lori lipinde bila kupunguza mwendo, na kwa hiyo kila Noah nayo inapinda bila kupunguza mwendo. Dai nusu kipenyo cha mita 3 hadi 5 kwenye mitaa ya makazi. Lori la taka likija mara moja kwa wiki litapinda taratibu kwa kutanua kidogo, halitakufa. La pili ni kimo. Njia ya baiskeli iwe juu ya lami kwa sentimita 10 hivi, na ya miguu juu yake tena kwa sentimita 5, kama wanavyofanya Copenhagen. Ikifika kwenye mtaa isishuke. Iendelee kwa kimo kilekile na rangi ileile, gari ndilo lipande na kushuka kama linavyopanda tuta. Dereva anayepanda kitu anajua yumo kwenye eneo la wengine. Anayeteleza kwenye lami tambarare anadhani barabara ni yake. La tatu ni macho: mita 10 kabla ya kila mtaa pasiwe na gari lililopaki, kibanda cha vocha wala bango la saluni.

Kwenye makutano makubwa yenye taa, Waholanzi huweka kisiwa kidogo cha zege kwenye kila pembe, kati ya njia ya baiskeli na magari yanayopinda. Kisiwa hicho hulazimisha gari kupinda kwa pembe kali, na njia ya baiskeli inavuka nyuma kidogo, karibu urefu wa gari moja kutoka ukingo wa barabara kuu, ili dereva akimaliza kupinda awe ameshaangaliana uso kwa uso na anayevuka. Mwenye baiskeli anayetaka kwenda kulia havuki njia nne kwa kujipenyeza katikati ya magari. Anavuka kwanza mbele, anasimama kwenye pembe, anasubiri taa ya pili. Kwenye mita 24 zenu pembe nne haziwezi kuingia zote bila kumega eneo la mtu, lakini makutano makubwa mara nyingi huwa na hifadhi pana kuliko barabara yenyewe, hivyo pimeni hapo tofauti. Pakishindikana, dai angalau taa ya baiskeli na waenda kwa miguu itangulie ya magari kwa sekunde chache. Kipilefti chenye njia mbili ndani yake sitakitetea kwa vyovyote. Mkiwa nacho, ombeni kibadilishwe kiwe makutano ya taa.

Kituo cha daladala ndicho kinachonikosesha usingizi kwa barabara kama yenu. Mlango wa daladala uko kushoto. Konda anaruka kabla gari halijasimama, abiria wa kwanza anashuka na ndoo ya dagaa, wa pili anashuka akiongea na simu, na wote wanatua moja kwa moja juu ya njia ya baiskeli kama mmeipitisha mbele ya kituo. Ipitisheni nyuma. Abiria wawe na jukwaa lao kati ya baiskeli na daladala, upana wa mita 2 au zaidi kama mtaupata, banda la kivuli likiwa juu ya jukwaa hilo na lisizibe macho. Baiskeli ibane hadi mita 1.5 ikipita nyuma ya jukwaa, ipande hadi kimo cha waenda kwa miguu, na pawe na kivuko cha pundamilia kidogo ili kila mtu aelewe kwamba hapo abiria ndiye mkubwa. Mkipiga hesabu mtaona kwamba 4.75 hazitoshi kwa yote hayo, kwa hiyo vituo viwekwe pale penye nafasi: mbele ya shule, mbele ya zahanati, penye kiwanja cha serikali. Kuhamisha kituo mita 60 kwenye karatasi hakugharimu kitu. Wasikuletee ile ghuba ya kituo iliyochimbwa ndani ya njia ya miguu, maana daladala haliingii humo hata hivyo. Linasimama mkia ukiwa nje ili lipate pa kutokea.

Sheli sasa. Angalia sheli yoyote mjini: mbele yake hakuna ukingo kabisa, zege limeungana na lami kwa upana wote wa kiwanja, na magari yanaingia na kutoka popote. Lango la kuingilia na la kutokea yakiwa mita 6 kila moja, na katikati pakawa na ukingo na miti, biashara ya mafuta haipungui hata lita moja. Mwenye sheli atalalamika. Mwonyesheni mchoro mapema, kabla hajausikia kwa mtu mwingine.

Kitenganishi kiwe zege, kimo cha sentimita 20 juu ya lami upande wa magari, na upande wa baiskeli kishuke kwa mteremko ili pedeli isigonge. Vile vijiti vya plastiki vinavyokunjwa ni sawa kwa majaribio. Kama kazi ya kudumu sivipendekezi, daladala litavimaliza. Mkiwa na eneo la maegesho lisiloepukika, fanyeni walivyofanya New York kwenye Ninth Avenue mwaka 2007: baiskeli zikapewa upande wa ndani karibu na waenda kwa miguu, na magari yaliyopaki yakawa ndiyo ukuta, kukiwa na nafasi ya mlango kufunguka katikati.

Uso wa njia uwe lami laini, na hapa sitaki mjadala mrefu. Pevingi ni nzuri kwa miguu, na baada ya misimu miwili ya mvua huzama na kuinuka. Mwenye baiskeli iliyobeba kilo 80 akiona lami ya magari ni laini kuliko njia yake, atarudi kwenye lami ya magari, na utasikia watu wakisema "si mnaona, tumewajengea na hawaitumii." Mifuniko ya chemba ikae usawa na lami, na nondo za vichujio vya maji zikingame njia, zisilale kwa mwelekeo wa tairi. Maji ya barabara nayo yanahitaji pa kupita sasa kwa kuwa mmeweka ukingo: matundu kwenye kitenganishi na mabomba chini ya njia ya baiskeli hadi kwenye mtaro. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa mvua inafanya nini pale Jangwani; mhandisi akikuonyesha ukingo usio na matundu, mwulize maji ya masika yataelekea wapi.

Haya, bodaboda. Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli pamoja na mabasi ya mwendokasi awamu ya kwanza, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, na mwaka 2018 jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Pikipiki na magari yaliyopaki kwenye njia zile ni jambo la kila siku. Kwa hiyo wenzako wana ushahidi machoni. Ila dawa inayopendekezwa kila mara, yaani nguzo za kubana mlango, haifanyi kazi kwa pikipiki. Handeli ya bodaboda na handeli ya baiskeli hazitofautiani sana kwa upana. Mlango unaoizuia pikipiki unazuia kwanza guta na kiti cha magurudumu. Nguzo zina kazi nyingine. Bajaji ina upana wa takriban mita 1.3, basi nguzo zikiachana mita 1.2 bajaji na gari vinabaki nje. Pimeni kwanza guta za mtaani kwenu, maana kila fundi hutengeneza kwa kipimo chake.

Bodaboda huingia kwenye njia ya baiskeli kwa sababu mbili hasa. Moja ni foleni, na hilo litapungua au kuongezeka kutegemea barabara yenyewe. Nyingine inaweza kutatuliwa kwenye mchoro: kisiwa cha katikati kimefungwa, pa kugeuzia pako mbali, na abiria anataka kwenda nyumba ya tatu upande wa pili. Dereva hatazunguka, atapanda njia ya baiskeli na kurudi nyuma kinyume. Tembeeni barabarani jioni mkae kwenye kijiwe chao, waulizeni wanageuzia wapi, kisha ombeni vivuko na sehemu za kugeuzia hapo. Vijiwe vyenyewe vichorwe kwenye mpango, karibu na vituo, nje ya njia. Kijiwe kisichochorwa kitajichora chenyewe.

Hilo linawahusu pia machinga na mama ntilie. Oktoba 2021 waliondolewa kando ya barabara nyingi kwa amri, lakini amri haiondoi sababu iliyowaweka pale, nayo ni wateja. Njia pana iliyo tupu karibu na kituo ni sakafu ya biashara. Wapeni eneo kwenye mchoro, hata kama ni uchochoro wa mita 3 pembeni ya kituo.

Baada ya yote hayo bado pikipiki kadhaa zitapita. Sipendi, na trafiki wawepo wiki za mwanzo, kabla mazoea hayajawa haki. Lakini pikipiki inayojipenyeza kwa kilomita 20 kwenye njia ya mita 2 ni kero, na lori la kilomita 60 linalompita mtoto kwa sentimita 30 ni msiba. Msiache ya kwanza ikawanyima kinga dhidi ya la pili.

Mwende wapi? Kwanza mjue barabara ni ya nani: kama ni barabara kuu ya kitaifa au ya mkoa ni TANROADS, kama ni ya mjini ni TARURA. Andikeni kupitia ofisi ya kata, mwombe michoro ya makutano na vituo, siyo ule mchoro mmoja wa mkato wa upana wa barabara unaoonyeshwa kwenye mikutano. Nendeni kabla zabuni haijatangazwa. Baada ya hapo kila mabadiliko ni nyongeza ya mkataba na mtaambiwa fedha hakuna. Pelekeni hesabu yenu wenyewe: baiskeli, guta na watoto wangapi wanapita kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kila upande, kwa siku ya kazi na siku ya soko. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, wamekuwa wakidai njia hizi kwa miaka mingi. Watafuteni, wanajua milango ya kugonga.

Wakiwajibu kwamba fedha haitoshi kwa kila kitu, kubalini kupoteza kwa mpangilio huu. Acheni kwanza mapambo: taa za urembo, pevingi za rangi, maua. Kisha kubalini kitenganishi cha vipande vya zege vilivyowekwa juu ya lami badala ya ukingo uliojengwa, na njia ibaki usawa wa lami kwenye sehemu zilizonyooka. Ikibidi zaidi, kubalini kujenga nusu ya urefu sasa, mradi ianzie shuleni kwenu na isikatike hadi makutano makubwa. Ila kivuko cha kupanda kwenye kila mtaa, kona ndogo, na njia kupita nyuma ya kituo cha daladala msiviachie. Vikifutwa hivyo, mwambieni mhandisi aandike kwa maneno, na kwa sahihi yake, kwamba njia imeondolewa ulinzi kwenye makutano. Mara nyingi ombi hilo peke yake hurudisha mchoro mezani.